Babu yetu na neno "rebel"

Leo kwenye hitima ya wazee wetu hapa Newala, pilau imepoa kwa sababu ya neno moja la Kiingereza.

Binamu yangu, mwalimu, kaleta bango. Chini ya jina la babu aliyenyongwa na Wajerumani wakati wa Maji Maji, kaandika: REBEL, yaani mwasi.

Nikamwambia atoe. Babu hakumwasi mtu.

Akanianzishia darasa mbele ya mashehe. Eti kama silipendi, kuna insurgent, kuna mutineer, yote ya maana hiyohiyo, nichague.

Yaani nichague tusi la babu.

Bibi akamuuliza, "Mtu akivamia shamba lako, akakulazimisha kulima pamba yake, ukamfukuza, wewe unaitwa nani?"

Binamu akatazama bango lake.

"Unaitwa mwenye shamba. Kaandike hilo."

Mwenye kamusi yenye neno la Kiingereza la mwenye shamba aje kwenye komenti. Nipo.