Mtu Niliyempitisha Bila Kumpekua

Siku yangu ya kwanza kazini nilizabwa kofi na mtu aliyekuwa akinifundisha. Ilikuwa Emali, kwenye klabu moja nyuma ya maegesho ya malori, na mtu huyo alikuwa mkuu wetu wa walinzi, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Sajini. Aliniambia nimpekue. Nikampapasa mifukoni na kiunoni, nikatangaza kwamba yuko safi. Akainama, akachomoa bisibisi ndani ya soksi, akanionyesha, kisha kofi likatua mbele ya wenzangu wote.

"Shukuru Mungu ni kofi," akasema. "Ingekuwa hii bisibisi, saa hii tungekuwa tunakutafutia gari ya kukupeleka hosi."

Vijana wakisikia kwamba nilikuwa mlinzi wa chumba cha karata hudhani nilikuwa mtu wa kutunisha misuli na kuvaa miwani myeusi. Mimi hadi leo nina kilo sitini na mbili, na hizo ni pamoja na viatu. Kazi yetu haikuwa ya misuli. Ilikuwa kazi ya mikono na macho: mikono mlangoni, macho mezani. Niliifanya miaka ishirini na sita, Emali, Kitui na Mutomo, na mara moja tu mikono yangu ilikataa kufanya kazi yake. Nitaieleza siku hiyo, lakini kwanza uelewe tulilinda nini.

Mchezo wenyewe ulikuwa poka, na poka ya mezani si hii mnayocheza kwenye simu. Kwenye simu unashindwa na mtu usiyemwona, unatupa simu kitandani na kulala na hasira zako. Mezani anayekushinda yuko umbali wa mkono, unamwona meno. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri na mgawaji, yaani dila, halafu karata tano hufunuliwa katikati moja baada ya nyingine, na kila zinapofunuliwa watu wanaongeza dau. Mwenye karata mbovu anaweza kuongeza dau kwa uso mkavu hadi mwenye karata nzuri aogope na kuzitupa. Hiyo huitwa blafu. Kushindwa na karata nzuri ni uchungu wa kawaida. Kushindwa na blafu, kisha mwenzako akufunulie takataka aliyokushinda nayo huku akicheka, huo ni uchungu mwingine kabisa.

Sajini alitufundisha dalili. Mpiga kelele hakumsumbua sana. Alituambia tumwangalie mtu aliyekuwa akiongea halafu akanyamaza, mtu anayesukuma kiti nyuma ilhali haendi popote, mtu anayeacha kinywaji chake nusu. Na alisisitiza jambo moja ambalo sikulielewa hadi nilipolipia.

"Nyinyi mnachunga ile mtu imepoteza," alisema. "Chunga ile imeshinda. Mdomo yake ndiyo inaleta damu. Akianza kuchekelea mwenzake, mguse bega, mwambie aende akakojoe."

Pale Emali niliona mengi. Madereva wa malori, wauza ng'ombe kutoka upande wa Loitokitok, makandarasi wa barabara, wote walikaa meza moja na kuchukiana kwa adabu hadi adabu iishe. Niliona mtu akivunjiwa kigoda kichwani kwa sababu ya neno moja kuhusu mama yake. Jino langu hili la mbele lilibaki hapo, mchana kweupe, nikiwatenganisha ndugu wawili wa tumbo moja. Chupa za kioo tulizipiga marufuku, vinywaji vikawa kwenye vikombe vya plastiki. Viti tulivibadilisha, tukaleta vizito ambavyo mlevi hawezi kuviinua. Sajini alisema chumba cha karata kinatakiwa kuwa kama wodi ya wagonjwa wa akili, kila kitu laini au kizito.

Baada ya miaka kadhaa mwenye klabu alifungua nyingine mjini Kitui, nami nikahamishiwa huko. Nilifurahi, maana kulikuwa karibu na nyumbani. Huko mkubwa wangu alikuwa Meneja, mtu mpole wa sauti ya chini, ambaye mapenzi yake yote yalikuwa kwenye kitabu cha mlangoni. Kila anayeingia, jina, saa, alama ya vema kwenye safu ya "amepekuliwa", sahihi ya mlinzi. "Mutuku," aliniambia, "polisi wakikuja hawataniuliza uliona nini. Wataniuliza kitabu."

Jikoni alikuwepo Mama Ndanu, mpishi, mama wa watoto watatu aliyewalea peke yake. Kanuni ya jikoni ilikuwa kwamba nyama ikatwe vipande vidogo humohumo ndani, na kisu kisivuke mlango hata kwa dakika moja. Visu vyake vitatu alivitundika kwenye misumari ukutani, na ukikigusa kimoja alikufokea kama mtoto wake. Lakini supu ya mifupa aliniwekea kila siku, na kunitania kwamba nikikonda zaidi nitapita chini ya mlango bila kuufungua.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa siku ya soko, saa nane hivi za mchana. Nimesimama mlangoni, nikaona mtu mrefu mwenye koti la kijivu akija kutoka upande wa soko la mifugo. Nilimtambua kwa mwendo kabla sijamwona uso. Alikuwa Mzee Kilonzo wa Kanyangi, mfanyabiashara wa ng'ombe, shemasi kanisani kwao, na baba wa mke wangu Mwikali.

Msomaji wa mbali anaweza kushangaa tatizo liko wapi. Kwetu Ukambani mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Mama mkwe sikuwahi kumpa mkono. Baba mkwe nilimsalimu nimeinamisha macho, hatua mbili mbali naye, na nyumbani kwake sikukaa kabla hajaniambia kaa. Na kupekua kwa njia ya Sajini maana yake ni kumwambia mtu ainue mikono, kumbonyeza kwapani, kumzungusha, kumpitishia viganja mapajani hadi juu. Afadhali ningeambiwa nivue nguo katikati ya soko.

Naye aliponiona alisimama. Shemasi amefumaniwa na mkwewe akiingia kwenye kamari. Tuliona haya wote wawili, na nadhani kila mmoja alimwombea mwenzake apofuke.

"Watoto hawajambo?" akauliza.

"Hawajambo, baba."

"Na Mwikali?"

"Mzima, baba."

Nikarudi nyuma hatua moja, nikamfungulia mlango. Alipokwisha kupita nikaandika jina lake na saa, nikatia alama ya vema kwenye "amepekuliwa", nikaweka sahihi. 

Kosa la pili lilifuata lile la kwanza. Kwa kuwa yeye alikuwa mezani, niliona aibu kuitazama meza. Mkwe hamtolei macho baba mkwe akicheza kamari. Nikageukia barabarani, mgongo ndani, uso nje, nikihesabu mbuzi waliokuwa wakipita. Kwa hiyo sikumwona aliponyamaza. Sikumwona aliposukuma kiti nyuma.

Aliyemshinda alikuwa dereva wa lori aliyeitwa Njoroge, kijana mcheshi aliyeleta viazi Kitui kila wiki. Sauti yake niliisikia vizuri sana. Alikuwa amempiga mzee blafu kubwa, na sasa anamfunulia karata zake.

"Mzee, cheki hii! Sina kitu! Sina kitu kabisa!" Watu wakacheka. "Ng'ombe umeuza, lakini akili umeacha boma na ndama."

Pale ndipo ningeingia, nimguse Njoroge bega, nimwambie aende akakojoe. Lakini kama ningeingia, ningelazimika kusimama mbele ya baba mkwe wangu aliyetukanwa. Nikabaki na mbuzi wangu barabarani. Kisha nikasikia kiti kikianguka, kiti kizito kile, na dila akipiga yowe.

Kilikuwa kisu kifupi cha kukatia kamba za ng'ombe, alichokiweka mfuko wa ndani wa koti, chini ya kwapa. Mfuko huo ndio wa kwanza kubonyezwa. Njoroge alichomwa shingoni mara moja tu. Nilipiga magoti kando yake nikibana kitambaa cha meza kwenye jeraha, naye akaniangalia kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Alikufa kabla hatujampata wa kumbeba. Mzee Kilonzo alikaa chini sakafuni, kofia mkononi, akawangoja polisi hapohapo.

Maafisa wa upelelezi walikuja, na kama Meneja alivyosema, waliuliza kitabu. Kitabu kilisema wote wamepekuliwa. Basi kisu kimetoka wapi? Mzee Kilonzo akasema alikiokota kwenye sinia la nyama. Ninamwelewa: mtu aliyekuja na kisu chake na mtu aliyeokota kisu kwa hasira hawahukumiwi sawa. Uongo wake na uongo wangu ulikutana bila sisi kupanga, ukalingana kama vipande viwili vya sahani moja.

Wakamwendea Mama Ndanu. Alionyesha visu vyake vitatu ukutani, hakuna hata kimoja kilichopungua. Wakamuuliza kama hakuwa na cha nne. Alilia akiapa kwa majina ya watoto wake. Alikuwa akiniangalia mimi. Nilichotakiwa kusema ni sentensi moja: sikumpekua, ni baba mkwe wangu. Lakini niliwaza kazi itakwenda, niliwaza mzee atafungwa maisha kwa mdomo wangu, niliwaza nitarudi vipi kwa Mwikali. Nikasema kitabu kiko sawa.

Mama Ndanu alilala selo siku tano. Walimwachilia kwa kukosa ushahidi, ila Meneja alikuwa ameshamfuta kazi, na hakuna hoteli Kitui iliyomtaka tena mpishi "aliyetoa kisu". Mzee Kilonzo alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia, akafa gerezani mwaka wa nne. Mimi nilipandishwa cheo. Ndiyo, umesoma vizuri. Mwenye klabu alisema mlinzi mwenye kitabu safi namna ile anafaa kuwa mkuu, akanipeleka Mutomo kwenye chumba kipya alichofungua karibu na mnada wa mbuzi.

Huko nikawa Sajini wa watu wengine. Nilipekua kama mtu mwenye wazimu. Nilipekua wazee, nilipekua makarani wa serikali, nilimpekua mwenye klabu mwenyewe alipokuja kututembelea, akacheka akidhani namfurahisha. Mgeni akikataa nilimrudisha. Miaka yangu yote ya Mutomo hakuna damu iliyomwagika mezani pangu, na kila mara nikisifiwa nilikumbuka kitabu cha Kitui.

Nilistaafu mwaka jana. Mstaafu hana mlango wa kulinda, kwa hiyo mambo huingia ovyo kichwani. Nikaenda Kitui sokoni, ambako Mama Ndanu sasa anauza sukuma wiki na nyanya. Amezeeka kuliko mimi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, mbele ya nyanya zake.

Aliendelea kupanga nyanya hadi nikamaliza. "Nilijua," akasema. "Dirisha ya jikoni inaangalia mlango. Nilikuona umemsalimia ukarudi nyuma. Hukumgusa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilisema siku hiyo hiyo kwa askari. Wakaniambia kitabu inasema amepekuliwa." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Sasa unaniambia mimi ya nini, na mimi nilijua? Nenda uambie bibi yako. Miaka kumi na moja akipita hapa anatema mate chini. Anasema mimi ndio nilimpa baba yake kisu."

Hilo sikuwa nalijua. Nilijua Mwikali hanunui mboga upande ule, basi.

Nilirudi nyumbani nikamkuta ameketi uani anachambua pojo. Nilimwambia. Sikupunguza kitu: hatua moja nyuma, alama ya vema, mbuzi niliowahesabu, siku tano za selo. Mikono yake ilisimama kwenye ungo. Nilingoja anitukane, nilingoja aniulize nimewezaje kula chakula chake miaka yote hii.

"Ungempekua," akasema.

"Alikuwa baba yako, Mwikali. Ningemshikashika vipi baba yako?"

"Angekasirika." Alisema polepole, kama anamweleza mtoto. "Angekasirika sana. Angerudi Kanyangi na hasira zake, akae mwaka mzima bila kukusemesha, na mimi ningekuwa na baba."

Akaingia ndani, akaniachia ungo. Tangu siku hiyo tunaishi nyumba moja na kuzungumza mambo ya maji na kuni. Siku ya soko iliyofuata alikwenda kwa Mama Ndanu. Walichosemezana sijui, na sitarajii kuambiwa.

Miaka yote nilijiambia kwamba nilimheshimu mzee. Sasa naona kwamba niliogopa uso wangu mwenyewe usije ukaona haya kwa dakika moja, na kwa dakika hiyo mtu mmoja akafa, mwingine akafia gerezani, na mama mmoja akabeba lawama isiyo yake. Wewe unayesimama kwenye mlango kama ule leo, baba mkwe wako akija, mwombe radhi. Kisha mwambie ainue mikono.