Mvinyo Mkavu Siku ya Posa

Mume wangu alikwenda Afrika Kusini kufuata lori la ofisi yao, akarudi Tunduma akiwa mtaalamu wa mvinyo. Lori lilirudi na giaboksi mbovu, yeye akarudi na maneno. Wenyeji wake walimpeleka mchana mmoja kwenye shamba la zabibu, wakamwonjesha, na mchana huo mmoja ulitunyima amani nyumba nzima. Tangu hapo hakunywa kitu bila kwanza kukizungusha. Nilimkuta akizungusha chai ya tangawizi, na siku nyingine maziwa mgando, ambayo hayazunguki.

Hotuba zake zilihusu zabibu nyeupe za aina mbili, Sauvignon Blanc na Chenin Blanc. Nyumbani tulizifupisha zikawa Sovinyo na Shenini, kama mabinti wa jirani. Chupa alizinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia, na Jumamosi mchana alinikalisha mezani mbele ya glasi mbili, akanikataza kusema "tamu" au "chachu" kwa sababu eti hayo ni maneno ya vilabuni. Nikamuuliza niseme nini basi. Akasema niseme Sovinyo inanukia majani yaliyokatwa sasa hivi. Nikamwambia majani yaliyokatwa sasa hivi yapo bandani kwa ng'ombe wa jirani, na hayana haja ya kizibo.

Lakini nitasema kweli, maana ulimi ni wangu. Sovinyo ni kali, inakubana taya kabla hujaimeza, na ina harufu ya pilipili hoho na ya pasheni ambalo ganda lake bado halijakunjamana. Yote iliyo nayo inakupa kwa mkupuo. Ukirudia funda, unakutana nayo vilevile. Shenini inaanza kwa upole, ina fyulisi lililoiva, ina tofaa, na asali kwa mbali, halafu ukishaizoea ndipo uchachu unapokuja kwa nyuma na kukushika. Mume wangu alisema Sovinyo hunywewa ikiwa changa, pamoja na samaki wa ndimu, na kwamba Shenini inaweza kutunzwa kwa miaka na hufuata atakavyo mtengenezaji, awe anataka kavu au tamu. Mimi niliipenda Shenini. Sikumwambia, kwa sababu angetembea na ushindi huo mpaka forodhani.

Haya yote yangebaki upuuzi wa nyumba yetu kama mdogo wangu asingechumbiwa. Nimemlea mimi tangu wazazi wetu walipofariki, kwa hiyo posa ililetwa kwetu. Kijana ni mwalimu huko Itumba, Ileje, mpole, mwenye adabu, na mwenye mama. Mama huyo hakuwa na hamu na sisi. Alikuwa amesikia kwamba watu wa Tunduma ni watu wa mpakani, kila kitu kwao ni biashara, na mgeni anaulizwa amebeba nini kabla hajaonyeshwa kiti. Alikubali kuja aione nyumba kwa macho yake mwenyewe, ndipo aseme ndiyo au hapana. Mdogo wangu alikosa usingizi wiki nzima. Alimpenda yule kijana, na alijua kijana hataoa bila ridhaa ya mama yake.

Mume wangu akaamua kwamba wakwe watapokewa kwa mvinyo. Asubuhi ya siku yenyewe aliingia jikoni kwa shangazi yetu aliyetoka Mbozi, mkuu wa masufuria siku hiyo, akamwonyesha chupa, akamwambia kwa sauti ya mtu anayefunga semina kwamba wageni wataanza na Sovinyo, kisha Shenini, na zote mbili ni kavu. Akarudia, kavu kabisa. Alimaanisha hazina sukari. Shangazi, ambaye maisha yake yote chai kavu ni chai isiyo na kitafunwa, hata andazi, alimwelewa vizuri mno. Akafunika kuku, akafunika wali, akafunika sambusa, akawatangazia wenzake kwamba haitoki hata karanga mpaka chupa ziishe. Baadaye aliniambia kwamba aliona ni ushenzi, lakini yeye ni nani hata ambishie mtaalamu.

Wageni walifika wamelowa, wamepanda na kushuka milima ya Ileje kwenye mvua, wakiwa na uji tu tumboni. Mume wangu akawamiminia Sovinyo. Mama wa kijana ni mtu wa kanisani, na divai anayoijua ni ya meza ya Bwana. Aliipokea glasi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akameza, kisha akabaki amefumba macho. Nikaelewa kwamba anasubiri mkate. Mkate haukuja. Mume wangu akauchukulia ukimya ule kuwa ni ufahamu, akamuuliza kama ameyasikia majani. Mama akafumbua macho na kujibu kwa adabu kwamba ameyasikia.

Mimi nilikuwa nimekwama kitini, maana mshenga alikuwa anaongea, na mwenye nyumba hainuki mshenga akiongea. Mshenga naye, nadhani kwa njaa, hakujua namna ya kumaliza. Shangazi akachungulia kwenye pazia. Mume wangu, aliyeanza kushangaa kwa nini chakula kinachelewa, akampa ishara kwa kupeleka mkono mdomoni. Shangazi akaitikia kwa kichwa, akaleta Shenini.

Baba mkubwa wa kijana alikuwa ameshaanza kusinzia. Mama alinywa funda moja, akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. Akaweka glasi chini, akajifunga upya kitenge chake, akamwambia mshenga kwa sauti ya chini kwamba nyumba wameiona, sasa watuache tupumzike. Niliona aibu. Nilimchukia mume wangu kwa moyo wote, pamoja na shamba lile na kila mtu aliyewahi kupanda mzabibu.

Mdogo wangu alitakiwa akae chumbani mpaka aitwe. Hakuitwa. Alitokea jikoni na birika la maji, beseni, na sahani ya kuku, akapiga magoti mbele ya mama yule.

"Shikamoo, mama. Chakula kilikuwa tayari tangu mlipofika. Karibu unawe."

"Marahaba. Nani amekuita?"

"Hakuna, mama. Nimesikia mnaondoka na njaa."

Mama akanyoosha mikono, akanawishwa. Shangazi alipoona hivyo akafunua masufuria yote kwa pamoja, na watu wakala.

Mume wangu hakuweza kujizuia. Mifupa ikiwa bado mezani, akamuuliza mama ipi kati ya zile mbili imempendeza. Mama akajifuta vidole.

"Ya kwanza," akasema. "Ilinionyesha ukali wake pale pale mlangoni. Ya pili ilianza kwa kunichekea." Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Na wewe, siku nikikuudhi, uniambie. Usinichekee."

"Sawa, mama," mdogo wangu akajibu. "Na wewe usinichekee mimi."

Mama yule akaisogeza sahani yake katikati, akamwambia akae wale pamoja.