Desmond na Gari Lililong'olewa Nembo

Desmond Haworth, jirani yangu hapa Bacup, mji mdogo wa Uingereza, aligawa maziwa nyumba kwa nyumba miaka thelathini na mmoja, kwa kile kigari cha betri ambacho hata mbwa mzee anakipita. Siku aliyostaafu aliingia ndani, akavua kofia, akamwambia mkewe, "Beryl, nataka kwenda mbio kabla sijafa. Mimi na wewe."

Alilitaka gari la michezo la miaka ya sitini, jekundu, lisilo na paa. Lile lenyewe hulipati mpaka uuze mtaa mzima. Lakini wako watu wanaounda nakala zake mabandani mwao, bodi ya faiba, injini ya gari la kawaida, na likipita huwezi kujua.

Bi Beryl akakataa. Yeye hufundisha watoto kanisani Jumapili, na wiki ile walikuwa kwenye amri ya kutoshuhudia uongo.

"Nunua upendavyo," alisema. "Ila mimi siketi ndani ya uongo. Mbio utaenda peke yako."

Desmond akanyong'onyea. Miaka yote ile alilala mkewe akiwa macho, akaamka mkewe akiwa usingizini. Gari bila Beryl lingemfaa nini?

Hata hivyo Jumamosi tukaenda kutazama, sisi watatu. La kwanza Beryl aliligonga mlango kwa kidole. "Linalia kama beseni." La pili Desmond aliingia vizuri, kutoka ndiyo ikawa kazi. Mimi nilivuta mkono, mkewe kola, na viatu vikabaki ndani. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta.

La tatu lilikuwa la Bwana Ormerod, fundi mnene mwenye mikono ya grisi. Desmond akaingia, akatoka mwenyewe, macho yanamng'aa. Beryl akalizunguka polepole mpaka puani, akasimama. Palikuwa na nembo ya kiwanda cha lile gari lenyewe la zamani.

"Bwana Ormerod, kiwanda hiki ndicho kilichounda gari hili?"

"Aa, mama, hilo pambo tu. Kila mwenye nakala anabandika."

"Pambo! Na mimi nikivaa pete ya mke wa jirani, ni pambo?"

Desmond alitoa sarafu mfukoni, akapiga magoti mbele ya gari, akaanza kufungua skrubu.

"Wee bwana! Ukiing'oa hiyo umeondoa nusu ya thamani!"

"Basi nipunguzie nusu ya bei," Desmond akajibu, bado yuko magotini.

Ormerod alicheka hadi akakalia tairi. Nusu hakupunguza, lakini alipunguza kidogo, na akatukaribisha chai.

Yakabaki matundu mawili ya skrubu. Tuliporudi nalo nyumbani, Desmond aliyaziba kwa vifuniko vya chupa za maziwa, vile vyembamba vya rangi ya fedha, masalio ya kazi yake. Beryl akainama, akavitazama kwa muda.

"Haya. Hiyo sasa ni kweli," alisema. Akafunga kitambaa chake chini ya kidevu, akaingia.

Injini ilinguruma, madirisha ya mtaa yakatetemeka. Nikajibana ukutani wapite. Wapi! Gari lilitoka kwa mwendo ule ule wa maziwa, na kila penye lango la mteja, mguu wa Desmond ulikanyaga breki wenyewe. Nilikuwa nakwenda dukani na kikapu changu, nikaongozana nao, wala hawakuniacha.

Nyumba ya kumi na moja, Bi Pickup alitoka na ndara miguuni. "Chupa mbili, Desmond, na siagi kama unayo."

"Nimestaafu, Bi Pickup!"

"Sasa mbona umesimama?"

Beryl alikuwa ameshika kitambaa chake kwa mikono miwili, tayari kwa upepo ambao haukuja.

"Desmond," akauliza kwa upole, "mbio zinaanza lini?"

"Tukimaliza wateja, mpenzi."