Mstari Mwekundu

Barla Tuor hakuwa mtu wa kuamini-amini. Daktari wa mifugo akimwambia mbuzi ana mimba, Barla mwenyewe hulishika tumbo la mbuzi, tena mbele ya daktari. Theluji ndiyo usiseme. Mdogo wake Luregn, akiwa na miaka kumi na tisa, aliteremka kwa skii, zile mbao za kutelezea thelujini, kwenye mteremko ambao watu sita walikuwa wameshaupita asubuhi hiyohiyo. Yeye akawa wa saba. Poromoko la theluji likamzoa, na alipofukuliwa alikuwa ameshakwisha. Tangu siku hiyo mtu akimwambia Barla kwamba wenzake wamepita salama, humtazama kama aliyemtukana.

Kwa miaka thelathini na mmoja, saa moja asubuhi, alitoka na koleo lake kwenda nyuma ya zizi la mbuzi kupima theluji. Mara moja kwa wiki alichimba shimo mpaka udongoni, akalisoma tabaka kwa tabaka kwa kidole. Waongoza skii wa bonde lao la milimani nao walichimba yao huko juu na kumtumia vipimo, naye akavipeleka kwenye ofisi inayotoa tahadhari. Vyao alivipokea kwa shingo upande. Shimo alilolikubali kwa moyo mmoja lilikuwa lile la nyuma ya zizi.

Kati ya waongozaji wale, aliyemkera zaidi alikuwa Gieri. Kijana mpole, mwandiko mzuri, maneno ya asali, na mchumba wa binti yake wa pekee, Madlaina. Wawili hao walifanya kazi pamoja: Gieri hutoa uamuzi, Madlaina hutangulia kuteremka na kuwafungulia wageni njia. Barla alikuwa amemwonya binti yake zaidi ya mara moja kwamba mwanamume asiyekosea hata nukta ana jambo analolificha. Madlaina alicheka tu.

Sasa, mwaka ule mwezi wa pili upepo ulileta vumbi la Sahara, bonde zima likawa kama limenyunyiziwa pilipili ya unga. Kisha theluji nyingine ikaanguka juu yake. Kuanzia hapo kila aliyechimba alikuta mstari mwekundu, na chini ya mstari huo chembe zisizoshikana, ambazo watu wa kule huziita sukari. Ukikanyaga juu ya sukari, kila kilicho juu yake huondoka na wewe.

Ijumaa asubuhi, akiwa na kikombe cha kahawa mkononi, Barla akazipitia karatasi za jana. Ya Gieri ilikuwa ya kutoka juu ya tandiko la mlima, pale mgongo wa mlima unapobonyea kati ya vilele viwili, kule alikokuwa anawapeleka wageni saba siku hiyo. Kina, baridi, ugumu wa kila tabaka, vyote vipo. Mstari mwekundu haupo. Akaisoma tena. Machale yakamcheza.

“Hajachimba,” akawaambia mbuzi. “Amekaa kibandani anakula supu, akatunga.”

Akapiga simu, haikupatikana. Njia ya kwenda huko hupita korongoni, na mle simu hufa. Basi mama wa miaka sitini na mmoja akavaa skii, akafuata nyayo zao mlimani, roho juu, kila hatua akimtukana mkwe ambaye hata ndoa hajafunga. Saa tano na nusu akawafikia juu ya tandiko. Wageni walikuwa wanafungasha vifaa, tayari kuteremka. Madlaina alikuwa ameshafunga viatu na kusimama ukingoni, juu ya mteremko wa upande wa pili, akingoja neno la Gieri tu.

Barla hakusalimu mtu. Akamwita Gieri mwongo mbele ya wageni wote, akamwambia amemtungia binti wa watu kaburi kwa kalamu.

Gieri akawa mwekundu mpaka masikioni. “Njoo uone, mama,” akasema.

Shimo lilikuwepo. Hatua ishirini tu kutoka pale, limechimbwa mpaka udongoni, ukuta umenyooka. Barla akapitisha kidole juu mpaka chini. Theluji ngumu, nzuri, hakuna wekundu wala sukari. Kijana alikuwa ameandika alichokiona, neno kwa neno. Barla akaona aibu, aibu ya kweli, ile ya kushindwa kuinua uso.

Lakini kidole kilikuwa bado ukutani, na akili haikutulia. Vumbi lilinyesha bonde zima. Kama halipo hapa, upepo umelikwangua pamoja na theluji yote ya juu yake. Umeipeleka wapi?

Akageuka kumtazama Madlaina pale ukingoni.

“Madlaina. Usisogee. Rudi kwa nyayo zako.”

Binti aliijua sauti ile. Akarudi. Barla akaenda kando kidogo, upande uleule wa pili, mahali pasipo na mteremko mkali, akachimba, Gieri akimsaidia. Theluji ilikuwa laini, nene, ya kuvutia. Mstari mwekundu wakaukuta kina cha mabega. Barla akakata bonge, akaligonga mara moja kwa kiganja. Likateleza lote likamwangukia miguuni, nyuma yake sukari ikamwagika.

Gieri akakaa chini.

“Nilichimba, mama. Haki ya Mungu nilichimba.”

“Najua,” Barla akasema. “Nisamehe. Ungekuwa mwongo ningekukamata mapema; shimo la kweli mahali pasipofaa ndilo gumu kulikamata.”

Wakarudi kwa njia waliyojia, wageni wakinung’unika.

Jumamosi, saa moja asubuhi, Barla alichukua koleo akaenda nyuma ya zizi. Akasimama. Miaka thelathini na mmoja mahali palepale, pamekingwa na ukuta, hatua kumi kutoka jikoni. Hakukumbuka ni lini aliwahi kujiuliza kwa nini pale. Akapima alichotakiwa kupima, kisha akavaa skii na kwenda kumgongea Gieri mlango, wapande wote wawili wakachimbe kwingine.