Orodha ya Watoto wa Mzee Maurice

Phanice alikuwa amechapa wasifu wa marehemu wengi kuliko waliozikwa na pasta yeyote wa Kawangware. Usiku hulala mtaa wa Soweto East, lakini maisha yake yako kituo cha 56 hukohuko Kawangware, kwenye kibanda cha saiba, cha kompyuta na kuchapa, katika ploti ya Kagiri, na Waluhya wa mitaa ile wakifiwa humpigia yeye kabla hata ya kutafuta jeneza. Sifa hiyo ilimpendeza. Ilimpendeza kidogo kupita kiasi.

Alhamisi hiyo saa nne asubuhi Khamala, kifungua mimba wa marehemu Mzee Maurice, alimtumia wasifu wa babake kwa simu. Basi la kusafirisha mwili kwenda Webuye lingeondoka saa saba. Phanice alipoubandika kwenye Word, kila mstari ulikuwa umekatikia njiani, maneno matatu huku, manne kule, hausomeki.

Dawa anaijua. Kwanza unatia nyota mahali aya inapoishia kihalali, ndipo unaiamuru Word ifute kila Enter na kuweka nafasi. Mwisho unarudisha aya palipo na nyota. Hatua ya nyota ndiyo inayochosha, na Phanice akairuka. Nani ana muda, na stima inapepesa tangu asubuhi?

Akabofya mara moja, na maisha yote ya Mzee Maurice yakawa donge moja, tangu kuzaliwa hadi kulazwa hospitali. Akayagawanya upya kwa macho. Watoto, ambao Khamala alikuwa amewaandika mmoja chini ya mwingine, walikuwa wameshikana: Khamala Nekoye Billy marehemu Austin Bridgit. Akatia koma upesi upesi. Kama ilivyo desturi yake, akapiga picha ya ukurasa na kumtumia Khamala aukubali. Khamala, aliyekuwa mochari akizozana na watu wa jeneza, akajibu kwa kidole gumba bila kusoma, kisha akaisukuma picha kwenye grupu ya familia na kumwandikia Phanice kuwa ameiweka huko. Phanice akachapa nakala mia mbili.

Alikuwa anakunja ya hamsini mwanamume mrefu alipoinama mlangoni.

"Niaje. Nimetumwa programu za Mzee Maurice."

"Karibu. Wewe ni nani wake?"

"Kijana yake. Austin."

Phanice alitabasamu kwa mazoea, kisha tabasamu likakwama. Akatazama karatasi. Khamala, Nekoye, Billy, marehemu Austin, Bridgit. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya alikuwa ameyamwaga mara mia mbili. Kwao, kumtaja mtu hai kuwa amekufa, tena mbele ya jeneza la babake, ni kukiita kifo kwa jina lake. Wazo la kwanza, na aibu yake anaijua mwenyewe, lilikuwa aseme mashine imeharibika.

"Ndugu yangu, ngoja," akasema badala yake. "Nimekuandika umekufa. Ni makosa yangu. Nachapa zote upya, saa hii."

Austin akaisoma. Midomo ikamcheza.

"Hiyo marehemu ni ya Billy," akasema polepole. "Alikufa tukiwa praimari. Umetumia mtu mwingine hii kitu?"

"Khamala peke yake. Lakini ameweka kwa grupu."

Austin alikuwa amezima simu tangu ibada ya asubuhi. Alipoiwasha ilitetemeka bila kukoma: Mama, Mama, Bridgit, Mama. Kisha ikalia. Phanice akashika ukingo wa meza. Kilio cha mwanamke kikajaa kibanda kizima, hata bila spika.

"Mama, ni mimi. Niko hai. Ni makosa ya kuchapa tu. Si unanisikia nikiongea?"

Mama hakuamini. Ilibidi Austin amtajie ng'ombe waliyemuuza ili yeye aingie sekondari, na rangi yake, ndipo kilio kikaanza kushuka. Phanice akavuta pumzi. Lakini ile sauti ikauliza tena, safari hii kwa upole, kama inayoogopa jibu:

"Na Billy? Bridgit amenisomea, jina yake haina marehemu."

Austin akageukia ukuta.

"Billy hapana, Mama," akasema. "Billy ni vile tu alikuwa."

Phanice akarudi kwenye kompyuta na, mama akiwa bado kwenye laini, akaandika marehemu kando ya jina la Billy kwa mkono wake mwenyewe.