Nesi na Deki ya Video

Nesi wa wodi ya watoto hufuta kioo cha televisheni kwa pindo la gauni lake jeupe kabla ya kutia kwenye deki kanda inayoonyesha mtoto akipasuliwa. Kila picha ya kutisha ikikaribia, huisimamisha na kusema polepole, "Hapa panauma kidogo. Hapa unalala." Mimi deki nilizichukia. Vibanda vya video vimejaa Masasi nzima, na watoto hawataki tena hadithi zetu. Tena sisi tulizoea kumficha mtoto ukweli: Somoe, mjukuu wangu aliyekuja kupasuliwa ngiri ya kitovu, nilimwambia tunakwenda kwa shangazi yake, kule Mkunya.

"Shikamoo, babu. Umemdanganya?" nesi aliniuliza, aliposikia Somoe akimuulizia shangazi.

"Marahaba. Ndivyo tulivyolelewa."

"Basi keti naye mtazame wote."

Nesi alirudisha kanda mara tatu bila kuchoka, mpaka Somoe akawa ndiye anayemweleza yeye kinachofuata. Mlango wa chumba cha upasuaji ulipofunguliwa, mtoto aliuachia mkono wangu.

"Babu, ningoje hapa. Mimi nimeshapaona."

Nesi akaondoka naye. Nikavua kofia yangu, nikakifuta kwayo kile kioo cha televisheni.