Lugha ya Violezo Niliyowachagulia

Tulikuwa watu watatu katika ofisi ya chumba kimoja Gombani, kisiwani Pemba, juu ya duka la vitambaa. Mimi ndiye niliyeongoza. Wa pili alikuwa mtengeneza programu mwenzangu, niliyesoma naye Dar es Salaam. Wa tatu alikuwa mwanamke aliyenifundisha kusoma nikiwa darasa la kwanza. Alipostaafu alijifunza kutengeneza kurasa za tovuti kwa kompyuta ya mwanawe, nami nikamwomba aje kufanya kazi kwetu. Sote tulimwita Mwalimu.

Mwaka ule tulipewa kazi ya tovuti ya vituo vya afya vya vijijini. Ilikuwa itangaze siku za chanjo. Wahudumu wa afya waisome kwenye simu zao, kisha wapite majumbani kuwaambia kina mama. Kwanza ilitubidi tuchague lugha ya violezo, yaani namna ya kuandika ukurasa wenye mapengo ambayo kompyuta itayajaza yenyewe. Zilibaki mbili. Moja ilikuwa nyepesi: ukiifungua unaona ukurasa wa kawaida, mapengo yake yametiwa mabano, basi. Ya pili ilikuwa na nguvu nyingi, masharti ndani ya masharti, mpaka ukurasa unajiamulia wenyewe cha kuonyesha.

Mwalimu aliziinamia kwa muda mrefu, miwani ikimteremka puani.

"Hii ya kwanza naiona ilivyo," alisema. "Hii nyengine, mwanangu, sijui maneno yanaishia wapi na amri zinaanzia wapi."

"Utazowea, Mwalimu."

"Na siku ambayo nyinyi hampo?"

"Tutakuwepo, inshaallah."

Mwenzangu alikuwa upande wangu, ikawa wawili kwa mmoja. Ukweli ni kwamba ile nyepesi ingetutosha. Niliitaka ile ya pili kwa sababu naijua, na nilipenda ionekane kuwa naijua.

Miezi michache baadaye mimi na mwenzangu tulikwenda Unguja mkutanoni. Asubuhi ya mkutano kituo kimoja kikapiga simu ofisini: muuguzi anaumwa, chanjo ya kesho iahirishwe. Tarehe za kawaida zilijijaza zenyewe, lakini tangazo la kuahirisha lilitaka kiolezo kifunguliwe. Mwalimu akakifungua, akaandika tangazo, na bila kujua akafuta mstari mfupi uliofunga sharti moja. Kompyuta ikamtolea maandishi mekundu ya Kiingereza. Ukurasa mpya ukagoma, na mtandaoni ukabaki ule wa zamani.

Alinipigia mara tano. Niliziona simu zake, nikailaza simu kifudifudi mezani. Jioni nikasahau.

Hakukaa bure. Aliwapigia wahudumu wote aliokuwa na namba zao, mmoja hakupatikana. Kesho yake kina mama wa kijiji cha mhudumu huyo wakaenda kituoni na watoto wao, mvua inanyesha, wakakuta hakuna wa kuwachanja. Mmoja wao aliteleza kwenye mteremko wakati wa kurudi. Mtoto alisalimika. Yeye alivunjika mkono.

Niliporudi Pemba, Mwalimu alikuwa ameshakwenda kumtazama.

"Kosa ni langu," nilimwambia.

"Yule mkono wake wa kulia ndio uliovunjika. Kujua kosa ni la nani hakumpikii chakula."

Wiki ile ile akaacha kazi. Nikaviandika violezo vyote upya kwa ile lugha nyepesi, kisha nikampelekea kompyuta nyumbani kwake Vitongoji. Alisoma faili moja hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Basi rudi, Mwalimu."

"Sina hasira na wewe. Lakini sasa nikigusa kitu pale naona nitamuumiza mtu." Akaisogeza kompyuta kwangu. "Ulishakwenda kwa yule mama?"

Sikuwa nimekwenda. Nilikwenda siku iliyofuata. Alinipokea barazani, mkono umefungwa hogo la plasta, mtoto amelala mkekani. Nilianza kuomba radhi, naye akanikatiza huku akiona haya.

"Mimi ndiye niliyesikia vibaya siku," alisema. "Mume wangu ananiambia sina makini."

Ilinibidi nimweleze mara mbili kwamba hakusikia vibaya. Mara ya tatu nikaomba mumewe aitwe, nikamweleza na yeye.